Ngozi Iliyogeuzwa



 Baadhi yenu mmeniuliza kwa nini sebule ya nyumba ya mapadre imejaa vipande vya tyubu za baiskeli, na kwa nini mdomo wa chupa yetu kubwa ya achari umepakwa grisi. Nimeona ni vema niwajibu hapa, kwa kuwa jibu lenyewe ni refu, na kwa sehemu kubwa ni maungamo. Sisemi maungamo ya kisakramenti, maana hayo nimekwisha kuyafanya kwa padre mwenzangu. Nasema juu ya deni ambalo mtu aliyekosa hadharani anawiwa na watu wa hadhara ileile.

Mwezi wa saba nilikuwa na kipindi cha dini katika shule moja ya sekondari, kidato cha tatu. Mada ya siku hiyo ilikuwa sifa za Mungu, nami nilikuwa nimefika mahali pa kueleza kwamba Mungu yupo kila mahali. Kijana mmoja, ambaye kwa miaka minne amekuwa mtumishi wa altare, alinyosha mkono, akasimama kwa adabu, akasema: “Padre, mwalimu wa fizikia ametufundisha kwamba hewa inaweza kuondolewa chomboni hadi pabaki patupu. Je, Mungu yumo ndani ya utupu huo? Na kama yumo, mbona tunapaita patupu?”

Wapendwa, hilo lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyoulizwa mwaka mzima. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimesukuma pikipiki yenye pancha kwa mwendo mrefu juani, nilikuwa na kiu, na zaidi ya hayo sikuwa na jibu. Mtu asiye na jibu hukasirika upesi. Nikamwambia: “Utupu ninaoujua mimi ni ule ulio kichwani mwako. Keti.” Darasa zima likaangua kicheko. Mimi nami nilicheka kidogo. Kijana akaketi, na kipindi kikaendelea.

Dominika iliyofuata hakuonekana sakristia, wala ile iliyofuata baada yake. Juma la tatu alikuja bibi yake, mama mzee ambaye amemlea tangu akiwa mdogo. Alikataa kiti, akasimama penye mlango wa ofisi, akasema: “Baba, nimekuja kukuarifu tu. Mjukuu wangu anasema hatakuja tena. Nimemuuliza sababu, hataki kusema. Nimeona wewe labda unaijua.” Hakuongeza neno. Akaniachia mayai sita katika kikapu, kama alivyozoea, akaenda zake. Mayai yale yalinihukumu kuliko ambavyo ukali wowote ungefanya.

Usiku ule nilitafuta njia ya kumrudisha kijana bila mimi kuaibika. Nawaambieni hivyo waziwazi, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Nilitaka kutengeneza jambo pasipo kulitamka. Ndipo nikaikumbuka pampu ya baba yangu.

Marehemu baba alikuwa katekista. Alizunguka vigango kwa baiskeli, na nyuma ya baiskeli, chini ya kifurushi cha vitabu, daima ilifungwa pampu ya chuma ya kusimama, yenye mpini wa mbao. Alipofariki, ndugu zangu waligawana mbuzi na shamba. Mimi niliomba pampu. Nikafikiri: kijana ameuliza juu ya utupu, basi tuutengeneze, auone kwa macho yake. Katika seminari tulikuwa na mwalimu aliyetueleza kwamba pampu ya kujazia upepo na pampu ya kunyonya hewa ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba tofauti yao ni upande inakotazama ngozi.

Kwa wale ambao hawajawahi kuifungua pampu ya baiskeli, nitaeleza. Ndani ya bomba lake mna fimbo, na mwisho wa fimbo kuna kipande cha ngozi kilichofinyangwa mfano wa kikombe kidogo. Kikombe hicho kinatazama chini. Ukisukuma mpini, hewa iliyobanwa hutanua kingo za ngozi, nazo hugandamana na bomba, hewa ikakosa pa kupita isipokuwa kwenye tairi. Ukivuta mpini, kingo hulegea, hewa mpya ikapenya pembeni mwa ngozi na kujaza bomba. Kwa hiyo ngozi ile ni mlango unaofunguka upande mmoja tu. Mlango wa pili ni vali ya tairi yenyewe, inayoizuia hewa isirudi.

Sasa ukitaka pampu hiyohiyo inyonye badala ya kujaza, unafanya mambo mawili. Kwanza unaifungua ngozi na kuigeuza, kikombe kitazame juu. Hapo itabana unapovuta na kulegea unaposukuma. Pili, kwa kuwa hakuna tena vali ya tairi ya kukusaidia, unaweka mlango mwingine chini ya bomba, kwa ndani, juu ya tundu: kipande chembamba cha mpira wa tyubu, kilichoshikwa upande mmoja. Ukivuta, hewa ya chupani hukiinua kipande hicho na kuingia katika bomba. Ukisukuma, hewa hukilaza kipande juu ya tundu, ikashindwa kurudi chupani, ikalazimika kupita pembeni mwa ngozi na kutokea juu. Kila mvuto unaiacha chupa na hewa pungufu kuliko mwanzo. Wataalamu wa lugha yetu wana neno zuri la mahali palipoondolewa hewa: ombwe.

Nilikwenda nyumbani kwa bibi siku ya Jumatano jioni. Kijana alikuwa akipura alizeti uani. Alinisalimu kwa heshima, “Tumsifu Yesu Kristo, Padre,” lakini macho yake yalibaki chini. Nikamwonyesha pampu, nikamweleza nia yangu, nikamwomba anisaidie. Akasema: “Siwezi, Padre. Nina kazi.” Nikamwambia nitakuwa nikimngoja Jumamosi. Akarudia: “Siji.” Nikaondoka.

Jumamosi saa nane mchana alikuja, amebeba mfuko wenye spana, plaizi na kisu cha fundi viatu.

Mnaijua Injili ya Dominika ya 26 ya Mwaka A, ile ya baba mwenye wana wawili na shamba la mizabibu: mmoja alikataa kisha akaenda, mwingine akakubali kwa maneno mazuri asiende. Nimeihubiri mara nyingi, na kila mara nilimtafuta yule mwana wa kwanza miongoni mwa waamini walioketi mbele yangu. Safari hii nilimwona amesimama mlangoni akiwa na mfuko wa spana, na mara moja nikatambua ni nani aliyebaki kuwa mwana wa pili.

Tulifanya kazi Jumamosi tatu. Ngozi ya zamani ilikuwa imetazama chini kwa zaidi ya miaka thelathini, ikakauka kama ganda. Tulipojaribu kuigeuza, ikapasuka. Niliumia, kwa kuwa kidole cha baba ndicho kilichokuwa kikiipaka mafuta. Kijana hakusema kitu. Alikwenda kwa fundi viatu, akarudi na kipande cha ngozi ya ng’ombe. Tukakiloweka majini usiku kucha, tukakifinyanga juu ya kigongo cha mti kilichochongwa duara, tukakifunga kwa uzi, tukakiacha kikauke hadi kikapata umbo la kikombe. Mpira wa tyubu ya lori tulioutumia kwanza kwa mlango wa chini ulikuwa mzito mno. Hewa ikipungua chupani hukosa nguvu ya kuuinua. Tukauondoa, tukaweka mpira mwembamba wa tyubu ya baiskeli. Bomba jembamba la pampu lilijibana lenyewe tulipovuta, tukalibadili kwa mpira mnene wa jiko la gesi. Mfuniko wa bati ulibonyea kwa ndani kama sahani, nao tukautupa, tukaweka ubao wa plastiki wa kukatia nyama, uliotobolewa katikati, na chini yake pete ya mpira iliyopakwa grisi. Chupa tuliifunga kwa kitambaa kizito, maana kioo chenye ombwe kinaweza kupasuka kuelekea ndani na vipande vikaruka. Yeyote atakayejaribu jambo hili nyumbani achague kioo kinene kisicho na ufa, na akifunge hivyo.

Tukiwa kazini nilimsimulia kijana habari za Otto von Guericke, meya wa mji wa Magdeburg nchini Ujerumani katika karne ya 17. Naye alianza kama sisi, kwa kuigeuza pampu ya mkono iliyokuwapo. Alichukua pampu ya shaba ya namna iliyotumiwa kuzimia moto, akaifunga kwenye pipa la bia lililojaa maji, akitarajia kwamba maji yakivutwa nje patabaki ombwe. Pipa likalia, kwa kuwa hewa ilikuwa ikipenya katika mbao. Akajaribu tufe la shaba, nalo likakunjamana kwa kishindo. Hakukata tamaa. Mwaka 1654 alionyesha majaribio yake mjini Regensburg mbele ya Kaisari Ferdinand III, na mwaka 1657 mjini Magdeburg aliunganisha nusu mbili za tufe la shaba pasipo kuzifunga kwa chochote, akaondoa hewa ndani yake, na farasi waliovuta pande mbili wakapata taabu kubwa kuzitenganisha.

Kijana akauliza: “Na Kanisa lilisema nini, Padre? Walimkatalia?” Swali hilo lilikuwa na mwiba, nami niliustahili. Nikamjibu kwa ukweli. Wapo wanafalsafa wa Kanisa waliobisha vikali, kwa kuwa walikuwa wamefundishwa kwamba maumbile hayavumilii utupu. Lakini Valeriano Magni, mtawa Mkapuchini, alionyesha jaribio la utupu mjini Warsaw mwaka 1647. Vyombo vya Guericke vilinunuliwa na Johann Philipp von Schönborn, Askofu Mkuu wa Mainz aliyekuwa pia Askofu wa Würzburg, akavipeleka katika chuo cha Wajesuiti cha Würzburg, ambako Padre Gaspar Schott alivirudia tena na tena, na mwaka 1657 akavichapisha kitabuni. Kwa njia ya kitabu hicho habari zilimfikia Robert Boyle huko Uingereza, naye akatengenezewa pampu yake. Nikamwambia: “Kwa hiyo, mwanangu, mapadre wengine wanapoulizwa swali gumu huenda kutafuta pampu. Wengine hukasirika.” Alitabasamu kwa mara ya kwanza. Lakini bado sikuwa nimesema neno nililopaswa kusema.

Ilibaki kuipaka ngozi mafuta. Bibi alikuwa ametutumia mafuta ya mkia wa kondoo katika kikopo kidogo, akisema kwamba ndiyo yaliyotumika tangu zamani kulainishia ngozi. Mimi niliona yananuka, tena nikafikiri kwamba mafuta yetu ya alizeti, yaliyokamuliwa hapahapa Singida na kuchujwa vizuri, ni bora zaidi. Kijana akasema polepole: “Bibi anajua, Padre.” Nikapaka alizeti. Chupa ilinyonywa vizuri sana siku ile, nasi tukafurahi. Kisha zikaja wiki mbili za mitihani, na pampu ikakaa stoo.

Siku ya onyesho ilikuwa Ijumaa. Mwalimu wa fizikia alitupa kipindi chake, na wanafunzi wapatao hamsini wakajazana. Nilianza kwa mbwembwe. Niliwaeleza habari za visima vyetu. Mnajua kwamba pampu ya mkono iliyo juu ya ardhi haiwezi kuyanyonya maji kutoka kina kirefu, hata ukiwa na mikono ya Samsoni. Wachimba visima wa Italia waliligundua hilo zamani, na Galileo akaliandika mwaka 1638: maji hukoma kupanda yakifika karibu mita 10. Sababu yake ilielezwa na mwanafunzi wake Torricelli mwaka 1644. Pampu haiyavuti maji. Inaondoa tu hewa ndani ya bomba, na ni uzito wa hewa iliyoko nje, iliyotufunika sote kama bahari, unaoyasukuma maji yapande. Hapa kwetu, katika uwanda ulioinuka karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, bahari hiyo ya hewa ni ya kina kidogo zaidi. Nguvu yake hutosha kuyainua maji karibu mita 8 na nusu, tena kwa pampu isiyovuja hata kidogo. Ndiyo maana katika visima virefu vya Singida pistoni hushushwa chini kabisa ndani ya maji, yainuliwe kutoka hukohuko.

Baada ya maelezo hayo nikaweka ndani ya chupa puto lililojazwa upepo nusu, nikavuta mpini. Puto halikutikisika. Nikavuta mara kumi, mara ishirini. Jasho likanitoka. Puto lilibaki vilevile, limelegea kama papai bovu. Wanafunzi wakaanza kunong’ona, kisha mmoja akacheka, na kicheko kikasambaa. Nilikifahamu kicheko kile. Kilikuwa kilekile cha mwezi wa saba, sasa kimenigeukia mimi.

Nikauachia mpini. Nikaona kwamba hapakuwa tena na mahali pa kujificha, na kwamba pampu isingeweza kusema kwa niaba yangu. Nikawaambia: “Wanangu, mwezi wa saba, katika chumba hikihiki, mwenzenu aliniuliza swali la maana. Sikuwa na jibu, nikaogopa mjue hivyo, nikamtukana ili mcheke. Nilimkosea yeye, nikawakosea na ninyi, kwa sababu niliwafundisha kwamba anayeuliza ni mjinga. Si kweli. Mjinga siku ile nilikuwa mimi. Namwomba msamaha mbele yenu.”

Kukawa kimya. Sijui kilidumu muda gani. Kisha kijana akainuka kwenye dawati lake, akaja mbele, wala hakunitazama. Akainamisha sikio juu ya pampu, akasema: “Padre, vuta taratibu.” Nikavuta. “Tena.” Nikavuta. Akasema: “Inalia juu, hailii chini. Mpira wa chini ni mzima. Ngozi ndiyo inayopitisha.”

Tukaifungua mbele ya darasa. Mafuta ya alizeti, yakikaa hewani, huganda kidogo kidogo na kuwa kama gundi. Yalikuwa yamenasa vumbi la stoo, na kingo za ngozi zimekakamaa. Kijana akazifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya taa hadi zikawa safi. Kisha akaingiza mkono katika mfuko wake wa spana, akatoa kile kikopo cha bibi, ambacho nilikuwa nimekikataa, akaipaka ngozi mafuta ya kondoo kwa kidole, akiizungusha taratibu. Nilimtazama nikamkumbuka baba.

Safari hii nilimwachia yeye avute. Mvuto wa tatu puto likaanza kunenepa. Mvuto wa nane likajaa kabisa, bila mtu yeyote kulipuliza. Hewa iliyokuwa ndani yake ilipata nafasi baada ya ile ya nje kupungua. Alipoachia mpini ukiwa juu, ulishuka wenyewe, na wanafunzi wakapiga kelele. Mwalimu wao akawaeleza kwamba hapana mkono uliouvuta. Hewa ya juu ndiyo iliyousukuma. Wakapiga hesabu ubaoni. Bomba letu lina ujazo wa karibu mililita 200, na chupa mililita 800. Basi kila mvuto huacha humo sehemu nne kwa tano ya hewa iliyokuwapo. Baada ya mivuto mitano inabaki karibu theluthi moja, na baada ya kumi karibu sehemu moja kwa kumi, kama hakuna kinachovuja. Mwanafunzi mmoja akasema: “Basi haitaisha kamwe!” Mwalimu akamwambia amesema kweli, kila mara unaondoa sehemu, na kila mara sehemu hubaki.

Mwisho tukafanya jaribio ambalo lilinigusa zaidi. Tulimimina chupani maji yaliyotoka jikoni, tukangoja hadi kipimajoto kikaonyesha nyuzi 70. Huwezi kuivisha maharage kwa maji ya namna hiyo, wala hayana hata dalili ya kuchemka. Hapa kwetu maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95, si 100 kama pwani, kwa sababu ya ule upungufu wa hewa niliousema. Kijana akavuta. Maji yakatulia, yakatoa vipovu vichache, kisha ghafla yakachemka kwa nguvu, chupani, mezani, pasipo moto. Hakuna aliyeyaongezea joto. Tuliondoa tu kile kilichokuwa kikiyagandamiza.

Baadaye, wengine walipokwisha kutoka, kijana alinirudia na swali lake. “Padre, hujanijibu bado.” Nikamwambia kwamba sina jibu lote, lakini nina sehemu. “Umeyaona maji yakichemka ndani ya chupa?” “Nimeyaona.” “Basi mwanga ulipita humo, ukaingia na kutoka, ingawa hewa ilikuwa karibu kwisha. Ungeweka sumaku, ingevuta chuma kilicho humo. Ungeangusha jiwe, lingeanguka. Tuliondoa hewa, na hiyo tunaiita utupu kwa kuwa hewa ndiyo tuliyoizoea. Hatukuondoa kila kitu. Na Mungu si kitu kimojawapo kati ya vitu, hata aondoke pamoja na hewa. Yeye ndiye anayevifanya vyote viwepo, pamoja na chupa, na wewe unayevuta.” Akafikiri kwa muda, akasema: “Nitaendelea kuwaza.” Nikamwambia nami pia nitaendelea.

Muuguzi mmoja wa jumuiya zetu ndogo ndogo, ambaye ni mkunga, alipoiona pampu yetu alicheka, akasema: “Baba, hii ni ndugu ya ile yetu ya kuzalishia.” Ni kweli. Mwaka 1954 daktari wa Uswidi, Tage Malmström, alitoa kikombe cha chuma ambacho hushikamana na kichwa cha mtoto kwa nguvu ya ombwe linalotengenezwa kwa pampu ya mkono, ili mama aliyechoka asaidiwe kujifungua. Yetu ni ya darasani tu, wala isije ikafikiriwa kwa tiba. Lakini tangu mkunga aseme hivyo nimekuwa nikiwatazama watoto kanisani kwa jicho jingine. Huenda wamo ambao waliingia ulimwenguni wakiwa wameshikwa na utupu.

Wapendwa, naomba mniruhusu kisa kimoja cha mwisho. Mwaka 1648 Blaise Pascal, Mfaransa, alitaka kujua kama hewa hupungua uzito kadiri mtu apandavyo juu. Akamwomba shemeji yake, Florin Périer, apande mlima Puy de Dôme na bomba la kioo lenye zebaki. Tarehe 19 Septemba Périer alipanda, na kweli zebaki ilishuka. Vitabu vingi humtaja Pascal, na baadhi humtaja Périer. Wachache humtaja mtawa mmoja wa shirika la Waminimi, Padre Chastin, aliyepewa kazi ya kukaa chini, katika bustani ya konventi, akilitazama bomba la pili siku nzima ili kuona kama litabadilika. Halikubadilika. Walioshuka mlimani walimkuta, akawaambia hivyo. Bila taarifa yake, hakuna ambaye angejua kama zebaki ilishushwa na mlima au na hali ya hewa ya siku ile.

Baba yangu alikuwa mtu wa bustanini. Kwa miaka mingi alirudi vigango vilevile, akaketi na watu walewale, na akiulizwa swali asilolijua alisema, “Sijui, nitamuuliza Padre.” Bibi wa kijana huyu naye ni wa bustanini. Aliona kilichobadilika nyumbani mwake, akaja kuniarifu, basi. Mimi nimesoma miaka mingi kuliko hao wawili, na ilinibidi nigeuzwe kama ngozi ile ili nijifunze walichokijua. Mtume Paulo, katika somo la pili la Dominika hiyohiyo ya 26, anawaeleza Wafilipi juu ya Kristo aliyejimimina na kubaki mtupu kwa ajili yetu. Nimelifafanua fungu hilo mara nyingi kwa maneno ya Kigiriki. Sidhani kama nilikuwa nimelielewa.

Kijana amerudi altareni. Pampu ya baba tumeiacha shuleni, ngozi ikiwa imetazama juu, pamoja na kikopo cha mafuta ya kondoo. Pikipiki yangu ikipata pancha sasa nasukuma hadi kwa fundi, na njiani nina muda wa kutosha wa kuwaza maswali ya watoto wenu. Waleteni. Na ikitokea siku nyingine nikawajibu vibaya, njooni mniarifu, hata kama ni kwa mayai.

Nawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki.

Paroko wenu,
Mungaa